Majina ya Ijumaa

14 Januari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi yangu, mama na binti yetu Chiriku. Mimi ni mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama. Mvua huku hainyamazi, na paa la jikoni linavuja palepale ulipoliziba ulipokuja, kwa hiyo sifa nilizokupa siku ile nazirudisha. Mwambie mama dawa ya macho nimeipata, nitaituma. Ningepiga simu, lakini mimi na wewe kwenye simu hatuna maneno: “Salama?” “Salama.” “Haya.” Kwenye karatasi angalau unajibu nilichouliza.

Kuna jambo. Nimepewa shule. Usishangilie kwanza. Ni shule ya kati iliyo nyuma ya karakana za malori, watoto wa miaka kumi na miwili mpaka kumi na mitano, na kila matokeo yakitoka inakuwa ya mwisho au inasogelea mwisho. Mkuu aliyenitangulia aliomba likizo ya ugonjwa akasahau kurudi.

Siku ya kwanza niliwahi kufika, nikapita kila mahali. Milango ya vyoo vya wasichana imeng'olewa, basi msichana akibanwa anakwenda kwao, na akienda harudi. Vipindi vinaendelea huku watoto wanapishana koridoni kama abiria wanaotafuta basi lao. Kwenye ofisi ya walimu nilikuta wawili wanasahihisha, mmoja amelala, na yule wa jiografia anawauzia wenzake soksi. Nikamwuliza msaidizi wangu, mtu wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba chumvi, “Saa hizi hakuna masomo?” Akanijibu, “Masomo yapo, Mkuu. Wasomaji ndio hawapo.”

Afisa elimu amekwishanitembelea. Walimu wanamwita Bwana Wastani, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila neno hilo. Alikataa kiti, akaongea akiwa mlangoni: wastani wa alama ukipanda mwaka huu, shule inabaki, usipopanda, inafungwa na watoto wanagawanywa kwenye shule za mbali. Nilimwona msichana mmoja anasikiliza dirishani. Alipoona nimemwona, akakimbia.

Nimechoka kabla sijaanza, mdogo wangu. Ila nitaanza.

Chiriku naye? Si yuko mwaka wa pili sasa? Alikuwa wa ngapi? Na mbona barua yako iliyopita haikuwa na porojo zake chini? Mwambie shangazi yake anamdai ukurasa mzima.

Dada yako

---

6 Februari

Dada,

Barua yako imefika imelowa kona moja, nadhani imepita jikoni kwako. Sisi hatujambo. Mama naye hajambo, isipokuwa masikio, ambayo sasa yamefunga duka kabisa. Barua zako nazisoma mezani kwa sauti ya mnadani mpaka jirani anajua habari za paa lako. Aliposikia umekuwa mwalimu mkuu akasema, “Walichelewa.” Kisha akauliza kama mkuu anaruhusiwa kukaa chini.

Kazini mashine ya kukandia unga imekufa, tunakanda kwa mikono. Nikirudi nyumbani mabega si yangu. Mama Chiriku amepata kazi ya kushona sare za hoteli moja, chumba cha mbele hakipitiki kwa vitambaa, na juzi nilikaa juu ya pini. Sitasema zaidi, mama anasikiliza. Yaani anaangalia.

Kuhusu shule yako sina ushauri, mimi mtu wa mikate. Ila huyo wa soksi mnunulie jozi moja kwanza, ndipo umgombeze.

Chiriku hajambo. Amerefuka. Anakusalimia.

Niishie hapa, zamu inaanza.

Mdogo wako

---

2 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Pole na mabega, na pole na pini. Soksi nilinunua, na yule mwalimu alikuwa mpole wiki nzima. Paa limezibwa na fundi wa kweli.

Umeandika “Chiriku anakusalimia” kama mtu anayeeleza habari za mpangaji. Hukuniambia alikuwa wa ngapi. Nitauliza tena mwishoni.

Sasa sikiliza, kwa mara ya kwanza nina jambo la kujivunia. Vyoo vya wasichana vina milango! Wazazi wawili maseremala walikuja Jumamosi wakaifunga, na Jumatatu wasichana walikuwa wanaingia na kutoka bila haja, wanafungua na kufunga tu, kusikia komeo. Lango la shule linafungwa kengele ikilia, na aliyechelewa anabaki nje mpaka mapumziko. Walimu wanaingia madarasani, maana ninapita.

Lakini kilichoigeuza shule ni Ijumaa. Wazo aliliona msaidizi wangu kwenye shule nyingine, nami nimelikubali, kwa hiyo ni langu. Kila Ijumaa mstarini tunasoma alama za majaribio ya wiki, darasa kwa darasa, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Kumi wa mwisho wanatoka mbele, wanabaki wamesimama mpaka wenzao wote waingie madarasani. Fimbo hakuna, fimbo nilipiga marufuku siku ya kwanza, unanijua. Ni majina tu. Na majina, mdogo wangu, yamefanya kazi iliyoishinda fimbo. Korido tupu. Watoto wanasoma mpaka wakati wa mapumziko. Bwana Wastani alikuja kuangalia alama za mwezi, na safari hii akakaa kwenye kiti. “Mkuu,” akasema, “wastani umeamka.”

Nalala nimechoka, lakini si ule uchovu wa Januari.

Haya, Chiriku. Alikuwa wa ngapi?

Dada yako

---

20 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini mko wazima, maana sijui. Machi imekwisha bila neno lako. Nimepiga simu, wifi akasema uko kazini. Nikapiga tena, akasema umelala. Mama yuko sawa? Dawa ya macho ilifika?

Huku mambo yanaendelea. Matokeo ya majaribio ya muhula yamepanda kuliko tulivyotarajia, na ofisi ya elimu imetuandikia pongezi. Nimezibandika ukutani.

Ila leo nilipita darasa la mwaka wa pili nikaona madawati ya nyuma yako wazi. Nikaenda la mwaka wa tatu, vilevile. Nikamwuliza msaidizi wangu wamekwenda wapi. Akasema, “Wabovu wamejichuja wenyewe, Mkuu. Ndiyo maana wastani umepanda.” Alisema kwa furaha, kama anayenipa zawadi. Nami nikasema “aha,” nikaenda zangu ofisini. Sijui kwa nini nakuandikia hili.

Kama nimekukosea, sema. Kwetu hatukulelewa kununiana.

Dada yako

---

11 Mei

Dada,

Zimefika zote mbili, na dawa pia. Mama mzima, mama Chiriku mzima, mimi mzima. Mashine ya kukandia imetengenezwa. Salamu zimekwisha.

Sijui kama umenikosea au hukunikosea, ndiyo maana sikuandika.

Chiriku haendi shule. Hajakanyaga huko tangu mwaka huu uanze. Siku niliyokuandikia kwamba anakusalimia, alikuwa chumba cha pili anakata nyuzi kwenye nguo za mama yake, na hakuwa amemsalimia mtu.

Mwaka jana shuleni kwake walianza kusoma majina, kama ninyi. Unamjua Chiriku. Kusimulia anajua, kuiga sauti za watu anajua, lakini hesabu zinamkimbia, na akiandika, herufi zinapandiana. Mara ya kwanza alisomwa wa mwisho, akarudi nyumbani anacheka, akamwiga mwalimu anayesoma majina mpaka mama akapaliwa na chai. Mara ya pili hakumwiga mtu. Mara ya tatu wenzake walikuwa wameshampa jina: Mkia. Akikaa nao dawati moja, wanasogea. Basi akawa anaondoka asubuhi amevaa sare, anakwenda kukaa kwenye ngazi za posta mpaka saa ya kurudi. Hatukujua. Tulijua siku mwalimu wake wa darasa alipokutana na mama yake dukani akamwuliza kama tumehama mtaa. Tumehama, Dada! Mtoto hayupo muda wote huo, na wao wanadhani tumehama.

Januari nilimpeleka mwenyewe mpaka langoni. Akashika nondo za lango. Hakulia. Akasema, “Baba, nipe kazi yoyote, nitaifanya.” Nikarudi naye.

Utaniuliza mbona sikusema. Wewe ndiye mwalimu wa ukoo, nami mtoto wangu mmoja kanishinda. Nikajiambia likizo ikifika nitamleta kwako, shangazi yake atajua la kufanya. Hata yeye alikuwa anasema hivyo: “Shule ya Shangazi haiwezi kuwa hivi.”

Ikaja barua yako ya Machi. Niliisoma mezani kama kawaida, kwa sauti ya kumfikia mama, bila kuipitia kwanza. Kwenye milango ya vyoo tukacheka sote, Chiriku naye akatabasamu. Nikaingia kwenye Ijumaa. Nimeshatamka “kumi wa mwisho wanatoka mbele” ndipo nikaelewa nasoma nini. Nikanyamaza. Mama akasema, “Ongeza sauti, sijasikia.”

Chiriku akainuka. Akapeleka sahani yake jikoni, akaiosha, akaifuta. Akapita nyuma ya kiti changu akasema, “Hata Shangazi.”

Basi. Mpaka leo ukimwuliza kitu anajibu kwa kichwa.

Alikuwa wa mwisho. Umeuliza mara mbili, nimekujibu.

Mdogo wako

---

24 Mei

Mdogo wangu,

Wasalimie wote, kila mmoja kwa nafasi yake.

Kabla ya barua hii niliandika mbili nikazichana. Kwenye ya kwanza nilikuwa najitetea, kwenye ya pili nalia, na zote hazikufai.

Barua yako niliisoma ofisini, chini ya zile pongezi. Nilipomaliza nilikwenda darasa la mwaka wa pili nikakaa kwenye moja ya yale madawati ya nyuma, watoto wakanishangaa. Kisha nikamwita yule mwalimu wa soksi. Anauza mitaa yote ile, anajua nani anakaa wapi. Nikamwambia, “Nipeleke kwa mmoja wao.” Akasema, “Yupi, Mkuu?” Nikagundua sijui hata mmoja kwa sura. Nilikuwa nawajua kwa nafasi zao.

Tulikwenda kwa msichana ambaye kila Ijumaa alikuwa anasimamishwa mbele. Mama yake anafua na kupiga pasi nguo za watu. Tulimkuta mlangoni, pasi mkononi. Hakuiweka chini. Akanitazama, akasema, “Mwalimu, umekuja kumsoma na huku?”

Ndani kulikuwa na pazia linalogawa chumba, na chini ya pazia niliona miguu ya yule mtoto. Imebanana, imenyooka, kama inavyosimama mstarini. Mdogo wangu, mimi nina maneno siku zote. Nilikuwa na hotuba nzima juu ya umuhimu wa elimu. Ilikauka. Nikasema, “Hapana, mama. Nimekuja kumwomba msamaha.” Miguu haikusogea. Mama yake akaendelea kupiga pasi. Tukaondoka.

Ijumaa iliyofuata nilisimama mbele ya shule nzima nikasema majina hayatasomwa tena, na wale niliowasimamisha niliwakosea. Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto mmoja alicheka, nadhani kwa woga. Ofisini msaidizi wangu alikuwa ananisubiri. “Mkuu, umebomoa ulichojenga. Wasipokuwa na hofu, tutawashika na nini?” Na wenzake karibu wote wako upande wake. Wengine si watu wabaya, wamechoka tu kama mimi, na majina yalikuwa yamewapa vipindi vya utulivu. Nilimwambia tutatafuta.

Nimepitia tena madaftari ya wale wa nyuma, yale yaliyobaki shuleni. Mtihani baada ya mtihani, alama ya kosa, alama ya kosa. Hakuna mahali mtu amemwandikia mtoto kosa lake ni lipi. Hata mimi.

Ndani ya bahasha kuna karatasi iliyokunjwa. Ni ya Chiriku. Usiisome, na hasa usiisome kwa sauti.

Dada yako

---

29 Juni

Dada,

Tu wazima. Mama anakuulizia kila siku, kisha hasikii jibu, anauliza tena. Baridi imetuzidi, na kazini tunagombania kukaa karibu na tanuri.

Karatasi nilimpa. Akakaa nayo kwenye kizingiti cha nyuma, akaisoma polepole, kidole kinafuata mstari. Mama Chiriku alitaka kujua imeandikwa nini, nikamzuia, tukagombana kidogo kwa kunong'ona. Siku zikapita.

Juzi aliniletea chakula kazini. Akanitazama ninavyokula, kisha akasema, kwa mdomo wake, Dada, si kwa kichwa: “Mwulize Shangazi, wamerudi wangapi?”

Nikamwambia amwandikie mwenyewe. Akasema, “Yeye ajibu kwanza.”

Basi jibu. Na usimpambie. Atajua.

Mdogo wako

---

10 Agosti

Mdogo wangu,

Poleni na baridi. Huku ni vumbi. Malori yanapita na madawati yanabadilika rangi. Mwambie mama niko mzima, na umwambie kwa kumwandikia, la sivyo utachoka.

Jibu la Chiriku ni hili. Wamerudi wachache. Kila siku baada ya vipindi mimi na mwalimu wa soksi tunatembea nyumba kwa nyumba. Kuna tunapokaribishwa, kuna tunapofungiwa mlango. Msichana mmoja yuko dukani kwa mjomba wake na hataki kusikia neno shule. Mmoja amekwenda kuishi kwa bibi yake. Wengine wanasema watakuja Jumatatu, na Jumatatu inakuja bila wao. Yule wa nyuma ya pazia amerudi. Alikuja na mama yake, akasimama nje ya lango ingawa lilikuwa wazi. Siku hizi lango halifungwi. Nasimama pale asubuhi nawapokea, na aliyechelewa namwuliza kulikoni. Kuna mtoto anayechelewa kwa sababu anamnyanyua baba yake mgonjwa kitandani kabla hajaja. Huyo nilimfungia lango muhula mzima.

Kipindi cha mwisho cha siku sasa ni cha makosa. Kila mwalimu anakaa na kikundi, wanafungua majaribio, wanatafuta walipokosea. Walimu wawili wameomba uhamisho kwa sababu hiyo. Yule aliyekuwa analala ofisini, siku hizi anafundisha anaandika ubaoni mpaka chaki inamwishia, sielewi imekuwaje na naogopa kumwuliza asije akalala tena. Msaidizi wangu anafanya kila kitu ninachomwambia, kwa uso wa mtu aliyeshika sabuni inayoteleza.

Msifikiri ni peponi. Wiki iliyopita watoto walipigana koridoni mpaka dirisha likavunjika. Mzazi mmoja amekuja kulalamika kwamba mwanawe alikuwa wa kwanza na sasa hakuna anayejua.

Na wastani umeshuka. Waliorudi walifanya mtihani, wakafeli, ikahesabiwa. Bwana Wastani alikuja. Nikamwambia, “Hawa mwezi wa nne hawakuwapo kabisa.” Akasema, “Mkuu, mimi napeleka tarakimu.” Akaandika kitu akaondoka.

Mwambie Chiriku hilo ndilo jibu, na si zuri.

Dada yako

---

2 Septemba

Dada,

Tumeisoma. Yaani Chiriku ameisoma, mezani, kwa sauti ya kumfikia mama. Mimi nilimpa tu. Alikwama kwenye maneno kadhaa akarudia. Alipofika kwa msaidizi wako na sabuni inayoteleza akafanya ule uso, na mama yetu akacheka mpaka akashika ubavu, ingawa sina hakika alisikia chochote.

Alipomaliza akakunja barua. Akasema, “Hajadanganya.” Kisha akasema anataka kuja.

Mama Chiriku alisema hapana. Akasema mtoto hajapona, atapelekwa mbali kuvunjwa tena, na safari hii na ndugu. Alisema mengine ambayo sitayaandika, na mengine ni kweli. Akalia. Kesho yake nikamkuta amefungua cherehani. Akaniuliza bila kuinua kichwa, “Sare ya huko ni rangi gani?”

Mimi nina woga wangu. Umeandika Bwana Wastani aliandika kitu akaondoka, na aya ikaishia hapo. Nakujua unavyoishia aya. Sitakuuliza. Ila kama kuna sababu ya mtoto asije, sema sasa.

Na rangi ya sare.

Mdogo wako

---

9 Septemba

Mdogo wangu,

Sketi ya kijani kilichokolea, blauzi nyeupe. Soksi asinunuliwe, zipo.

Aje.

Dada yako

---

15 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu kwenu nyote. Wifi, sare imemkaa vizuri, na pindo uliloacha limeshateremshwa. Mama, miguu yangu imepona.

Najua barua za Chiriku mmezipata na za kwangu hamkuzipata. Muhula ulikuwa unanivuta huku na huku. Acha nikueleze ninachokiona mimi.

Siku ya kwanza aliniambia njiani, “Shuleni usiniite Chiriku.” Basi yeye ananiita Mwalimu, mimi namwita kwa jina la kwenye cheti, tukifika nyumbani tunabadilisha. Wiki za mwanzo alikaa dawati la nyuma, karibu na dirisha, hakuongea na mtu. Nilitamani kupita darasani kwake kila saa. Sikupita. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Anayekaa naye ni yule wa nyuma ya pazia. Siku moja niliwasikia koridoni, Chiriku anamwiga mwalimu mkuu anavyosimama langoni. Nimejifunza kwamba nasimama kama bata.

Jaribio la kwanza la hesabu alipata alama ya kusikitisha. Niliijua kabla yake, nikakaa ofisini nimeshika kichwa. Nikasikia hodi. Akaingia, hakuketi, akaweka karatasi mezani. “Mwalimu, mwalimu wa hesabu yuko darasani. Hapa nimekosea wapi?” Tukaangalia pamoja. Njia yote ilikuwa sawa. Alikuwa amenakili vibaya tarakimu za kwenye swali, moja imeruka mbele ya nyingine. Sio hapo tu, karibu kila swali. Mtoto huyu miaka yote anajibu vizuri maswali ambayo hakuulizwa. Tumeanza kumfundisha kufunika na karatasi, anafunua tarakimu moja moja. Bado anafeli. Anafeli kidogo kuliko mwanzo, au niseme, anafeli vizuri. Sitaki kukupa matumaini ya bure, ulinikataza kupamba.

Sasa lile nililolificha mwisho wa aya ya Bwana Wastani.

Bwana Wastani aliandika kwamba nimeshindwa kusimamia matokeo. Shule haifungwi. Wazazi wa watoto waliorudi walikwenda ofisini kwake na yule mama wa pasi mbele yao, wakakaa kwenye ngazi mpaka akatoka kuwasikiliza. Kwa hiyo shule inabaki, ila mimi siendelei. Mwakani niko stoo ya elimu, hapahapa mjini, kugawa vitabu na chaki. Mkuu mpya ni msaidizi wangu. Nilijua tangu Agosti kwamba huenda ikawa hivi. Nilikuandikia “aje” nikijua. Kama una la kuniambia juu ya hilo, niambie, nitalisoma.

Nilimkabidhi msaidizi wangu funguo jana. Nilimwomba jambo moja, Ijumaa zisirudi. Alizungusha funguo mkononi, akasema, “Tutaona wastani unasemaje.” Halafu, akiwa ameshafika mlangoni, akageuka, akaniuliza yule mtoto wa tarakimu zinazoruka anafundishwaje, maana mwanawe mdogo naye ana matatizo kama hayo. Nikamweleza. Akasikiliza kwa makini. Sijui hilo lina maana gani, na sina nguvu ya kukisia.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Chiriku wakati wa chakula. Nilimwambia kila kitu, kwamba sitakuwapo, kwamba atakayekuwapo ndiye aliyeleta majina, kwamba huenda yakarudi. Nikasema, “Ukitaka kurudi kwa baba yako, nitakupeleka mwenyewe, na hakuna atakayekulaumu.”

Akatafuna, akameza, akanywa maji.

“Shangazi,” akasema, “uliyehamishwa ni wewe. Mimi sijahamishwa.”

Leo ametoka kabla yangu. Nilimwona kwa dirisha la jikoni, begi mgongoni, anamsubiri yule mwenzake kwenye kona. Yule alipotokea, Chiriku alianza kuongea kabla hata hajamfikia, wakaenda zao.

Dada yako